Vidole vya Mama Chini ya Kanga

Mama yangu hajui neno hata moja la Kifaransa, lakini vidole vyake vinakijua. Taipureta aliyojifunzia kazi, iliyotulisha na kutusomesha mimi na kaka yangu, ilitoka Kongo. Ilivuka ziwa, ikashuka Kigoma, ikapanda treni mpaka Tabora imefungwa ndani ya gunia katikati ya magunia ya dagaa. Mfanyabiashara aliyeileta alidhani amebeba dhahabu. Akazunguka nayo mjini siku nzima, na kila mtu anayejua kuchapa aliweka vidole, akapiga maneno mawili, akacheka, akaenda zake. Herufi hazikuwa mahali pake. Baba akainunua kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka, na mama, ambaye hakuwa amewahi kugusa taipureta yoyote, hakuwa na mazoea ya kuyaacha.

Huwa nafikiri juu ya ile njia ya zamani ya misafara, iliyopita kwetu ikibeba vitu vya bara kuvipeleka pwani. Tukisimuliwa habari zake utotoni, ilikuwa ni pembe na mizigo na watu waliochoka. Sisi njia hiyo ilituletea mashine iliyokosea nchi, ikakaa barazani kwetu, na sikuwahi kuona kitu kilichostarehe ugenini kama kile.

Tofauti yenyewe ni ndogo ukiieleza, kubwa ukiitumia. Kwenye mashine za Kiingereza, ambazo ndizo zilizojaa maofisini kwetu, A iko mstari wa kati, mwanzo kabisa kushoto. Kwenye ya mama, ya Kifaransa, A ilipandishwa mstari wa juu, pale Waingereza walipoweka Q, na Q ikashushwa chini yake. Z na W zilibadilishana nyumba. M ilitolewa mstari wa chini ikaketishwa mwisho wa mstari wa kati, upande wa kulia. Nyingine karibu zote ziko palepale. Lakini jaribu kuandika Kiswahili huku umepoteza A, M, W na Z, uone utabakiwa na nini.

Kwa mpangilio huo, neno "mama" linapigwa na vidole vidogo viwili tu. M kidole kidogo cha kulia, A kidole kidogo cha kushoto. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayetembea. Vidole hivyo ndivyo dhaifu kuliko vyote, na Kiswahili kimejaa A kama pilau ilivyojaa mchele, kwa hiyo kidole kidogo cha kushoto cha mama kilifanya kazi ya punda. Kifundo chake kilivimba, kikapinda kidogo kuelekea nje. Nikiwa mdogo nilidhani mama wote wana kidole cha namna hiyo.

Alifanyia kazi barazani, karibu na soko, meza yake ikitazama barabara na benchi la wateja likiwa mbele yake. Watu walikuja kuchapiwa maombi ya kazi, ya viwanja, ya uhamisho, malalamiko ya mipaka ya mashamba. Walikuja wa mjini, walikuja wa Itetemia na majembe yao begani wakielekea nyumbani, walikuja wakulima wa tumbaku wa Urambo walioshuka na treni. Na mama alikuwa na desturi mbili ambazo hakuzivunja hata kwa sheikh.

Ya kwanza ilikuwa kanga. Alitandaza kanga kuukuu juu ya mashine, akaingiza mikono chini yake, akachapa bila kuona herufi hata moja. "Macho ni ya mteja," alikuwa akisema. Alimtazama mtu usoni huku mikono ikifanya kazi gizani, na watu wa vijijini walioona hivyo kwa mara ya kwanza walinyamaza kwa adabu wakidhani kuna kitu kingine chini ya kanga. Aliponifundisha mimi, alinifunga kanga hiyohiyo shingoni ikafunika mikono yangu. Nikichungulia, nilikula kofi jepesi la kisogo. Kaka hakufundishwa. Kila siku kanga ilipotandazwa, yeye alikuwa ameshafika uwanjani na mpira wake wa makaratasi.

Desturi ya pili: hakuanza kuchapa mpaka mteja atamke kwa kinywa chake anachotaka, kwa sentensi fupi, bila kuzunguka. Hili liliwatesa watu. Nakumbuka mzee mmoja wa Urambo, amevaa koti zito kwenye jua kali, aliyefika na salamu ndefu za Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Karibu ukae. Unataka nini?"

Akaanza na mvua za mwaka ule. Akaja kwa mdogo wake, akaja kwa mke wa mdogo wake, akaja kwa ng'ombe. Mama akamsikiliza bila kugusa kitufe. Alipomaliza, akamwuliza tena, "Baba yangu, nimekusikia. Unataka nini?" Mzee akafungua vifungo vya koti lake. Kisha akasema, "Nataka ndugu yangu aniombe radhi." Mama akasema, "Haya, hilo ndilo tutakaloandika," na kanga ikaanza kutikisika. Sijui kama ile barua ilifanya kazi. Ninachokumbuka ni kwamba mzee aliondoka akitembea vizuri kuliko alivyokuja.

Nilipokwenda chuoni kusomea kazi za ofisi, nilitangaza kwa kiburi kwamba mimi tayari najua kuchapa. Nikakalia mashine, nikafumba macho kwa mbwembwe, nikapiga. Darasa zima lilikuja kusoma karatasi yangu, na wengine walirudi kuisoma mara ya pili. Nikajifunza upya, kwa machungu. Mazoea yana taabu. Leo naishi Dar es Salaam, nahariri maandishi ya watu, na kwenye kompyuta yangu nimeweka mpangilio wa mama. Mwenzangu akiikalia kwa dakika moja hupiga kelele kwamba kuna virusi. Nimeshachoka kueleza. Siku hizi nawaambia tu, rudini kwenye kompyuta zenu.

Taipureta ilikufa kabla ya kompyuta kuimaliza. Mkono wa herufi A ulikatika, fundi akauunga, ukakatika tena, na utepe wake haukupatikana popote. Mama aliiweka juu ya kabati chumbani, kanga juu yake. Hakuchapa tena. Baadaye baba akafariki, ghafla, siku moja kaka akiwa kazini mbali, njia ya kwenda Mpanda. Kwetu maiti haisubirishwi. Kaka alifika watu wameshazika, wameshanawa mikono, wamekaa mkekani. Hakulia mbele yetu. Tangu siku hiyo ni mtu anayepiga simu sana na kuja kidogo, na mimi sina la kumcheka, maana Dar na Tabora nazo si pua na mdomo.

Kisha presha ya macho ikamchukua mama kidogokidogo, jicho la kulia kwanza, la kushoto likafuata. Sasa anatofautisha mchana na kivuli, basi. Anaishi na binamu yetu mjane katika nyumba ileile, na anajua idadi ya hatua za kila pembe kuliko sisi tunaoona.

Kaka, ambaye ana nyumba nzuri Dodoma, akaanza kusema mama ahamie kwake. Mama akakataa. Kaka akaendelea kusema, na maneno yake yakabadilika. Mwanzo alisema mama hawezi kukaa na binamu peke yao. Halafu akasema mama anasahau. Mwishoni akaniambia kwenye simu, kwa sauti ya chini, kwamba mama akili inaanza kupotea, na kwamba kama ni hivyo basi si suala la kumwuliza tena, ni suala la kumchukua. Alishampata hata mpangaji wa nyumba.

"Ananiita kwa jina la baba," akasema.

"Una sauti ya baba, kaka. Na yeye haoni."

"Alitia chumvi kwenye chai."

"Binamu alihamisha makopo."

"Wewe una jibu la kila kitu," akasema, akakata simu. Ni kweli, ninalo. Lakini usiku ule sikuwa na raha, kwa sababu majibu yangu yalikuwa mepesi na yeye ndiye aliyekuwa huko.

Alikuwa amekwenda Tabora kumtazama. Kwa nia njema kabisa alimnunulia kibodi, ile nyembamba ya kawaida, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akamwambia, "Mama, chapa kama zamani, upitishe muda." Mama akaomba kanga. Akachapa. Kesho yake, nikiwa ofisini na kikombe cha chai, kaka akanitumia picha ya kioo cha kompyuta. Chini yake aliandika: "Soma mwenyewe. Na anasema hii mashine si yake, wakati mashine yake ilikufa zamani."

Mstari wa kwanza ulisomeka: Sqlq;u ;zqnqngu.

Nilisoma mara moja tu. Nikaweka kikombe chini, nikasogeza vidole vyangu hewani juu ya meza, pale ambapo vingekaa kwenye mashine ya mama, na vikaniambia: Salamu mwanangu. Kila A imekuwa Q. Kila M imekuwa ile nukta-mkato. Hakuna kosa hata moja katika ukurasa mzima. Mama alichapa kwa usahihi kamili kwenye mashine iliyo juu ya kabati, na kibodi ya kaka, ambayo ni ya Kiingereza, ikaandika kilichokuwa chini ya vidole vyake. Nilicheka mpaka watu wakageuka. Halafu nikalia, sioni aibu kusema, kwa sababu humo ndani neno "mama" lilikuwa limeandikwa ;q;q, na kaka yangu alilitazama akaona ugonjwa.

Nilimpigia, nikaeleza. Alinisikiliza kwa subira ambayo mtu humpa mgonjwa wa pili. "Sawa," akasema. "Ijumaa baada ya sala tunakaa. Njoo utuonyeshe. Lakini ikishindikana, Jumamosi tunaondoka naye."

Nikaenda Kariakoo kutafuta kibodi. Sikutaka ile nyembamba, maana vitufe vyake havina sauti wala kina, na mtu asiyeona anachapa kwa masikio. Muuzaji alinionyesha za kila aina: zenye taa za rangi kama kumbi za harusi, zilizokatwa katikati kila mkono ukae upande wake, zenye herufi za Kiarabu pembeni. Nikamwuliza kama anayo ya Kifaransa.

"Dada, hizo wanaulizaga Wakongo. Ninayo moja." Akaileta. Herufi zote zilikuwa mahali pa mama, nikasisimka kama nimeona ndugu stendi. Nikaibonyeza. Laini kama ugali uliolala. Nikarudi kwenye ile nyingine niliyokuwa nimeiona, nyeusi, nzito, yenye vitufe virefu vinavyolia ta! ta! ta! vikishuka na kupanda. Herufi zake za Kiingereza.

"Naichukua hii. Mpangilio nitaubadilisha ndani ya kompyuta, kwenye mipangilio ya lugha."

"Sasa herufi za juu zitakuwa zinamdanganya mtumiaji."

"Mtumiaji haoni."

Muuzaji akaifunga vizuri, kwa uangalifu kuliko inavyohitajika, akanipa na kitambaa cha kuwekea chini isiteleze.

Nilifika Tabora asubuhi na vumbi la safari. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anachagua mchele kwa ncha za vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda." Alikuwa hajanigusa bado. "Usinibishie, nakusikia unavyotembea."

Nilimwambia yote, sikumficha, hata habari ya Jumamosi. Alitupa kijiwe kimoja, akaendelea kuchagua. "Kaka yako ni mtoto mwema," akasema. "Tatizo lake hajawahi kukaa benchi." Sikumwelewa, nikadhani anazungumzia mpira.

Ijumaa baada ya sala tukakaa barazani: mama, kaka, binamu na mimi. Kaka alikuwa bado na kanzu, kofia mkononi. Nikaweka kompyuta yake mezani, nikabadilisha mpangilio, nikachomeka kibodi. Mama akaigusa kwanza kama anavyogusa uso wa mgeni. Akabonyeza kitufe kimoja, ta! Akatega sikio. Akabonyeza tena.

"Hii inaitika," akasema. "Ile uliyoleta wewe," akageukia alipo kaka, "ilikuwa bubu. Nilikuambia si yangu, ukanionea huruma. Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Haya, kanga."

Binamu akaleta kanga. Mama akapiga neno moja, kulia, kushoto, kulia, kushoto, vidole vidogo viwili. Kwenye kioo likatokea: mama. Kaka akainama karibu, akalitazama neno hilo fupi. Niliona anafurahi na anaumia kwa pamoja, na hasira yangu yote kwake ikaniishia palepale.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe mama hajaanza.

"Mteja akae," akasema.

"Mteja gani, mama?"

"Wewe. Umekuja na shida yako barazani kwangu, kaa benchi. Umemwambia dada yako, umemwambia binamu yako, umemwambia mpangaji. Mimi bado hujaniambia. Unataka nini?"

Kaka akakaa. Benchi ni lilelile, na mtu mzima mwenye mvi akawa juu yake magoti yamepanda. Akaanza na hospitali za Dodoma. Akaja kwa ngazi za nyumba hii, akaja kwa wezi, akaja kwa bei ya nauli. Mama alikuwa amemwelekezea uso macho wazi, mikono imetulia chini ya kanga. Alipomaliza, mama akasema, "Nimekusikia, baba. Unataka nini?"

"Nataka uhamie kwangu."

Kanga ikatikisika, ta-ta-ta. "Sababu?"

"Si nimezieleza?"

"Umeeleza nauli. Nauliza sababu."

Kaka akaikunja kofia yake, akaikunjua. Kisha akasema, haraka, kama anayetema kitu: "Sikumkuta baba. Naogopa nisikukute na wewe."

Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu yeyote, wala kwangu. Mama hakumpoza, hakumshika mkono. Alichapa. Alichapa kwa muda, akatulia kama anayewaza, akachapa tena mistari michache, akavuta mikono yake nje na kuipangusa kwa kanga.

"Msomee mteja," akaniambia. Kaka akanizuia kwa mkono, akavaa miwani, akasoma mwenyewe kwa sauti:

"Kwako Mama. Yah: Ombi la kukuhamishia Dodoma. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanao wa kwanza. Ninaomba uhamie kwangu. Sababu ni kwamba sikumkuta baba, na ninaogopa nisikukute na wewe. Ni mimi mwanao."

Chini kulikuwa na maneno mengine, nayo akayasoma polepole:

"Majibu. Ombi limesomwa na limeeleweka. Limekataliwa. Mwombaji anaruhusiwa kukata rufaa wakati wowote, mradi aje mwenyewe."

Kaka akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la kanzu, ingawa si miwani iliyokuwa na maji. Kisha akauliza, kwa sauti ya wale wazee wa Urambo, ofisi inafunguliwa siku zipi.

"Kila siku nikiwa hai," mama akasema, akarudisha mikono chini ya kanga. "Sasa nipishie benchi, kuna mteja mwingine anasubiri."

Mteja aliyebaki nilikuwa mimi. Nikakaa.